Redio Haijibu Swali

Mnamo tarehe 17 Machi, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilitangaza kufungwa kwa skuli, kuanzia zile za watoto wadogo mpaka kidato cha sita. Katika siku hizo hizo milango ya skuli ilifungwa hapa Visiwani. Kule Tanzania Bara wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo vikuu waliitwa kurejea tarehe 1 Juni, na skuli nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni mwaka huo. Balaa hilo halikuwa letu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilieleza kwamba wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu duniani walitolewa madarasani katika mwaka ule.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba mambo hayo yamepita na hapana haja ya kuyarejea. Sisi hatukubaliani nao. Maradhi yalipita, lakini swali lililoletwa nayo lingali pale pale, nalo ni hili: mtoto wa mkulima na wa mvuvi atasoma vipi siku ambayo mwalimu hayuko mbele yake? Swali hili huulizwa kila mwaka. Huulizwa katika skuli zenye mikondo miwili, ambayo Serikali imekuwa ikiipunguza kwa kujenga skuli za ghorofa, kwa kuwa mtoto wa mkondo hukaa nyumbani nusu ya siku. Huulizwa wakati wa masika, njia zinapojaa maji. Huulizwa katika visiwa vidogo ambako upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu mtoto hawezi kuvuka kwenda skuli ya upande wa pili. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuyatazama yale yaliyofanyika, tukachukua lililo jema na kuliacha lililo baya.

Tuanze kwa kukumbushana kwamba elimu ya mbali si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, ambayo kwayo wananchi walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta na redio na kwa wakufunzi waliowatembelea. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho wanafunzi wake wako pia Unguja na Pemba. Na hapa Visiwani, kuanzia mwaka 2006, watoto wadogo wa vijijini waliletewa vipindi vya redio vilivyojulikana kwa jina la Tucheze Tujifunze. Sauti ya redioni ilikuwa ikiuliza, ikanyamaza kidogo, na watoto wakajibu kwa pamoja.

Msomaji mwenye kutafakari ataona kwamba kazi zote hizo zina jambo moja linalozifungamanisha. Katika Mtu ni Afya palikuwa na kiongozi wa kikundi. Kwa vijana wa ualimu palikuwa na mkufunzi aliyewafikia. Katika Tucheze Tujifunze palikuwa na mtu mzima wa kijijini aliyepewa mafunzo ya kukaa na watoto. Sauti ilitoka mbali, ama mtu alikuwa karibu. Redio yaweza kuuliza, lakini haijibu swali la mtoto, wala haimwoni aliyesinzia, wala haijui nani leo hakuja. Pale ambapo mtu wa karibu hakuwapo, elimu ya mbali ilibaki kuwa mbali.

Hilo ndilo alilolifahamu mwalimu mmoja wa darasa la sita katika kijiji cha mwambao wa mashariki ya Unguja. Hatutamtaja kwa jina, kwa kuwa mwenyewe amesema kwamba aliifanya kazi yake na hakufanya zaidi. Vipindi vya masomo vilipoanza kutangazwa, hakungoja kuambiwa. Alichukua daftari akapita nyumba kwa nyumba, akipiga hodi na kukaa barazani, mbali kidogo na wenyeji kama watu wa afya walivyoagiza. Kila nyumba aliuliza mambo manne: ipo redio au simu inayofanya kazi, nani hubaki nyumbani na kwa saa zipi, nani katika nyumba hiyo anajua kusoma, na mtoto anafanya kazi gani kutwa.

Majibu yalimfundisha mengi. Nyumba zilizokuwa na redio zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, lakini baadhi ya redio hizo zilikuwa kimya kwa kukosa mawe. Simu ilikuwapo, lakini ni moja, nayo huondoka alfajiri na baba kwenda nayo baharini. Zaidi ya hayo alikuta jambo ambalo halikuandikwa katika ratiba yoyote. Wanawake wa kijiji kile ni wakulima wa mwani, na mkulima wa mwani hafuati saa ya ukutani; hufuata bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kuelekea saa nne na saa tano za asubuhi, na saa hizo ndizo mama huwa katika mashamba yake, maji yakimfika magotini. Binti zake aghalabu huwa pamoja naye. Kwa hiyo kipindi kikisomwa asubuhi katika siku hizo, husomewa kuta za nyumba.

Mwalimu hakukasirika wala hakuwaita watu wale wazembe. Alichukua kalenda, akahesabu siku za mwezi, akapanga ratiba mbili: moja ya siku za bamvua na nyingine ya siku za maji mafu. Siku za maji mafu, ambapo akina mama huwapo nyumbani asubuhi, watoto walisikiliza kipindi kwa wakati wake. Siku za bamvua walisoma baada ya sala ya alasiri, kwa maswali aliyoyaandika kwa mkono wake na kuyabandika ukutani mwa duka. Nyumba zisizo na redio alizipatanisha na jirani walio nayo, ikawekwa dirishani, watoto wachache wakakaa uani kwa nafasi. Ratiba hiyo haikugharimu Serikali hata shilingi moja, nayo ilifaa kwa sababu ilitungwa na mtu anayejua saa ambayo bahari ya pale hutoka.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, nalo ni hofu ya wazee. Mama mmoja alimwambia, "Mwalimu, mimi hata kushika kalamu sijui. Nitamsomesha vipi huyu?" Mwalimu akamjibu, "Mama yangu, sikukuomba usomeshe. Nakuomba uulize tu. Kila usiku mwambie akuonyeshe alichokiandika mchana. Ukurasa mtupu hauhitaji mtu aliyesoma kuujua." Jawabu hili ni dogo, lakini lina hekima kubwa. Wazee wetu wengi wamedhani kwamba asiyesoma hana fungu katika masomo ya mwanawe. Wamesahau kwamba sisi sote tuliopitia chuoni tulilelewa na mama wasiojua kuandika, ambao hata hivyo walitwambia tuidurusu juzuu kabla ya kulala, na tulipobabaika walijua kwamba tumebabaika.

Kutoka chuoni humo humo mwalimu alichukua desturi nyingine. Kila aliyesoma Visiwani anajua kwamba maalim hakumsikiliza kila mwanafunzi peke yake. Wakubwa waliwasikiliza wadogo, na khalifa akawa mkono wa maalim. Mwalimu akafanya vivyo hivyo. Katika kila nyumba alimteua mtoto mkubwa kuwa msimamizi wa wadogo zake, akamwonyesha namna ya kusahihisha hesabu za darasa la chini. Kila Alhamisi jioni alipita kuchukua madaftari yaliyowekwa juu ya baraza, na Jumamosi aliyarejesha yakiwa na alama ya wino mwekundu. Mtoto aliyeona wino huo alijua kwamba yupo mtu anayemsoma. Tunaamini kwamba wino huo ulifanya kazi kubwa kuliko redio.

Lakini haifai kuandika kana kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Katika darasa lake alikuwamo binti mmoja aliyeanza kwa kumsaidia mama yake katika mwani, na baada ya wiki chache akapewa kamba zake mwenyewe. Alipouza mwani wake wa kwanza, baba yake aliziona fedha akafurahi. Mwalimu alipokwenda, mzee yule alisema, "Skuli yenyewe imefungwa, na hapa mtoto anapata chake. Kwani ana haja gani tena?" Mwalimu alirudi mara tatu. Hakumkataza binti kazi, kwa kuwa alijua kwamba nyumba ile inakula kutokana na kazi hiyo. Alimpa somo lililotoka katika kazi yenyewe: aandike katika daftari uzito wa mwani mkavu, bei ya kilo moja, gharama ya kamba na vigingi, na kilichobaki. Siku ya kwanza hesabu ya binti ililingana na ya mnunuzi. Siku ya pili haikulingana, ikarudiwa mbele ya mnunuzi, na ikathibitika kwamba ya binti ndiyo iliyokuwa sahihi. Tangu siku hiyo baba yake hakuuliza tena skuli ina faida gani, na skuli zilipofunguliwa binti yule alikuwa miongoni mwa waliofika mapema.

Wavulana wawili wa darasa hilo hilo hawakurejea. Walikwenda kambi ya dagaa, wakazoea kupokea mgao wao usiku kwa usiku, na mwalimu hakuwakuta nyumbani kila alipopita. Darasani nafasi zao zilikaa wazi. Tunawataja ili isije ikadhaniwa kwamba mwalimu mmoja mwenye moyo aweza kuziba pengo la taifa zima. Mtu mmoja hana miguu ya kufika kila mahali.

Kutokana na hayo tunayo maneno kwa pande tatu.

Kwa wazazi, tunasema kwamba saa moja ya utulivu kwa siku si mzigo usiobebeka. Mtoto apewe mahali pa kukaa, taa, na mtu wa kumwuliza amefanya nini. Tunasisitiza hasa juu ya watoto wa kike. Katika nyumba nyingi skuli inapofungwa mtoto wa kiume huachiwa kucheza, na mtoto wa kike hupewa ndoo, ufagio na mdogo wake wa kubeba. Ikifika jioni huambiwa achukue kitabu, naye hana nguvu ya kulifungua jicho. Kazi za nyumbani zigawiwe kwa haki baina ya watoto wote.

Kwa walimu, tunasema kwamba kufungwa kwa skuli si likizo. Mshahara uliendelea kulipwa katika miezi ile, na ni haki ya mwananchi kutarajia kwamba kazi nayo iendelee, kwa namna inayowezekana na isiyohatarisha afya ya mtu. Tunafahamu kwamba wengi walifanya bidii. Tunafahamu vilevile kwamba wapo ambao wanafunzi wao hawakuwatia machoni mpaka kengele ilipopigwa tena.

Kwa viongozi na maofisa wa Serikali, tunayo mambo yanayohitaji kufanyiwa kazi mapema, kabla dharura nyingine haijatukuta. Kwanza, kila skuli iwe na orodha ya nyumba za wanafunzi wake, ikionyesha ipi ina redio, ipi ina umeme na ipi haina chochote. Sheha anazijua nyumba zote za shehia yake, na akishirikiana na kamati ya skuli kazi hiyo haiwezi kuwa ndefu. Pili, ratiba za vipindi zitungwe kwa kuwauliza watu wa vijijini, na kipindi cha asubuhi kirudiwe jioni. Tatu, yaandaliwe mazoezi yaliyopigwa chapa ya kupelekwa nyumbani. Masomo ya intaneti ni mazuri kwa mwenye simu na mwenye fedha ya kununua kifurushi, lakini tukiyategemea hayo peke yake tutakuwa tumewafundisha waliokwisha kupata na kuwaacha wasio nacho. Nne, kumtembelea mwanafunzi nyumbani kuhesabiwe kuwa ni kazi rasmi ya mwalimu. Mwalimu tuliyemweleza alinunua karatasi na wino kwa fedha zake, akatembea kwa miguu yake. Moyo wa namna hiyo ni wa kusifiwa, lakini mpango wa elimu haujengwi juu ya mfuko wa mwalimu mmoja.

Mwezi Septemba mwaka 1964 ilitangazwa katika Visiwa hivi kwamba elimu ni bure kwa wote. Tangazo lile lilimwondolea maskini kizuizi cha ada. Halikusema kwamba haki hiyo itasita siku skuli zikifungwa, au siku bahari ikichafuka. Kazi iliyo mbele yetu ni kuhakikisha kwamba pale ambapo mtoto hawezi kuifuata skuli, skuli inamfuata yeye, ikiwa na daftari, na kalamu, na mtu wa kumjibu swali lake.