UFAFANUZI: Kukarabati Kinga za Miguu za Mlinda Lango wa Magongo bila Kuhatarisha Usalama Wake

Na Mwandishi Wetu, Nairobi

Mikanda iliyokatika, bizimu zilizovunjika na bitana iliyochanika katika kinga za miguu za mlinda lango wa mpira wa magongo ni kasoro zinazoweza kurekebishwa nyumbani au kwa fundi viatu kwa gharama ndogo. Hata hivyo, marekebisho yanayogusa sponji inayoupokea mpira, au yanayoongeza ukubwa wa kinga, yanaweza kumuumiza mchezaji na pia kumfanya azuiwe kucheza.

Ufafanuzi huu unawalenga wazazi, walimu wa michezo na wachezaji wa shule na vilabu, ambako si ajabu seti moja ya kinga kurithiwa na walinda lango kadhaa. Kila anayerithi huongeza mkanda, hukata kipande au hubandika kiraka, na baada ya miaka michache huwa hakuna anayejua ni nini kilichobadilishwa na kwa sababu gani.

Kinga hizi hukabiliana na nini

Mpira wa magongo ni mgumu na huwa na uzito wa kati ya gramu 156 na 163. Katika kona ya adhabu, mpigaji hodari anaweza kuurusha kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Kwa kasi hiyo, mpira unaotoka kwenye ukingo wa duara la kupigia, mita 14.63 kutoka langoni, hufika kwa takriban nusu sekunde. Mlinda lango hana muda wa kukwepa, na wala kazi yake si kukwepa. Kazi yake ni kuuweka mguu mahali mpira unapopita na kuiamini kinga aliyoivaa.

Kinga hizo hazikuwa hivi zilivyo leo. Kenya ilishiriki mchezo huu katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 mjini Melbourne, ikashika nafasi ya sita mjini Tokyo mwaka 1964, kisha ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza lililofanyika Barcelona mwaka 1971. Walinda lango wa enzi hiyo walivaa kinga zilizofanana na za kriketi, zenye turubai au ngozi kwa nje na vijiti na pamba kwa ndani. Kinga ya aina hiyo ilipochoka, iliwezekana kuifumua, kuijaza upya na kuishona.

Kinga za kisasa ni tofauti. Hutengenezwa kwa tabaka za sponji ngumu zilizounganishwa kiwandani, na kila tabaka lina kazi yake. Sponji ya mbele huurudisha mpira kwa nguvu ili uondoke katika eneo la hatari, ilhali ya ndani hupunguza mshtuko kabla haujaufikia mfupa wa ugoko. Kwa sababu hiyo, mazoea ya zamani ya kujaza vitambaa na kushona hayafai tena. Kiraka laini kikibandikwa upande wa mbele, mpira hufia hapo na kudondoka miguuni mwa mshambuliaji.

Sheria inasema nini

Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo zinamtaka mlinda lango avae, kwa uchache, kofia ngumu, kinga za miguu na kinga za viatu. Upana wa kila kinga ya mguu haupaswi kuzidi milimita 301, nao hupimwa kinga ikiwa imevaliwa mguuni. Sheria hizo pia zinakataza vazi au kifaa chochote kinachoongeza kwa kiasi kikubwa ukubwa wa asili wa mwili wa mlinda lango au eneo analolikinga.

Kwa maana hiyo, mzazi anayebandika vipande vya sponji pembeni mwa kinga ili mwanawe "azibe lango vizuri zaidi" anamtia matatani. Mwamuzi anaweza kuikataa kinga hiyo dakika chache kabla ya mechi kuanza, na timu ikabaki bila kifaa kingine.

Marekebisho yanayoweza kufanywa nyumbani

Kanuni ya msingi ni nyepesi kukumbuka: kinachoishikilia kinga mguuni kinaweza kutengenezwa, lakini kinachoupokea mpira kisiguswe.

Mikanda ndiyo huharibika mapema zaidi. Inaweza kubadilishwa kwa mikanda ya nailoni kama ile ya mabegi ya mgongoni, yenye upana sawa na ya awali. Ncha ya mkanda mpya iunguzwe kidogo kwa moto ili isifumuke, na kazi hiyo ifanyike mbali na kinga yenyewe. Mkanda ushonwe kwenye kitambaa cha nyuma au upitishwe katika tundu lake la asili. Fundi aelezwe mapema kwamba sindano au msharasi haupaswi kupenya hadi sponji ya mbele, kwa kuwa kila tundu ni mwanzo wa ufa.

Bizimu na klipu zikae upande wa nje wa mguu. Zikigeuzwa ndani, hugongana mchezaji anapokimbia na zinaweza kumwangusha. Ni kosa la kawaida pale kinga ya kushoto inapovaliwa mguu wa kulia. Tiba yake ni kuandika alama nyuma ya kila kinga kwa kalamu ya wino usiofutika. Mikia mirefu ya mikanda nayo ifupishwe au ikunjwe na kufungwa.

Mtoto aliyepewa kinga pana kuliko mguu wake huiona ikizunguka kila anapopiga mpira kwa mguu. Hapa inaruhusiwa kubandika utepe wa sponji laini ndani ya mfereji unaoulalia ugoko, pande zote mbili, ili mguu ushikwe. Utepe huo hauonekani kwa nje wala hauongezi upana. Kinga iliyozidi urefu, hata hivyo, isikatwe juu wala chini. Goti linapaswa kukaa katika mkunjo wake, na sehemu ya chini ilale juu ya kinga ya kiatu bila kuacha pengo. Ikikatwa chini, kifundo cha mguu hubaki wazi. Ikikatwa juu, sehemu iliyo juu ya goti hukosa ulinzi.

Bitana iliyobanduka kwa nyuma inaweza kurudishwa kwa gundi ya viatu. Gundi hiyo ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa baadhi ya gundi huyeyusha baadhi ya sponji, na kuna sponji ambazo hazishikiki kwa gundi ya kawaida. Sehemu zote mbili zisafishwe na kukauka, zipakwe gundi nyembamba, zisubiri hadi zisinate kidoleni, kisha zikandamizwe na kuachwa usiku kucha. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa ya kutosha.

Yasiyopaswa kujaribiwa

Misumari, ribiti, skrubu na waya havina nafasi katika kinga za miguu, hata vikifichwa chini ya kitambaa. Mpira ukipiga hapo, chuma husukumwa kuelekea mfupa. Mchezaji mwingine akianguka juu ya mlinda lango, chuma hicho hicho kinaweza kumchana.

Ufa uliopita kutoka mbele hadi nyuma usizibwe kwa gundi na kuhesabiwa kuwa umepona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kinga ya sponji, ufa wa namna hiyo ukishafika, kuuziba ni kuuficha tu. Gundi huunganisha uso, lakini haiurudishi uwezo wa sponji wa kupunguza mshtuko.

Kinga iliyolowa isikaushwe kando ya moto wala kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani. Joto hupinda sponji, na iliyopinda hailali tena sawasawa kwenye mguu. Ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha ianikwe kivulini.

Ukaguzi kabla ya mechi

Mwalimu au mzazi hahitaji vifaa maalumu kukagua kinga. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, hasa sehemu ya ugoko na goti. Iliyo hai hurudi mara moja. Iliyokufa hubaki na shimo. Ikunje kidogo ili nyufa zijifungue na kuonekana. Pima upana kwa futikamba ikiwa imevaliwa. Vuta kila mkanda kwa nguvu, kisha mwombe mchezaji achuchumae, apige teke na akimbie hatua kumi. Kinga ikizunguka au ikishuka, irekebishwe kabla hajaingia uwanjani.

Muulize pia mlinda lango mwenyewe kama anahisi maumivu mpira unapompiga. Wanafunzi wengi hunyamaza kwa kuogopa kupoteza nafasi yao katika timu au kuonekana waoga. Maumivu ya ugoko yanayojirudia ni dalili kwamba sponji imekwisha, na jibu la swali hilo lina uzito kuliko kipimo chochote cha futikamba.

Kinga zisipokarabatika

Sheria za kimataifa zinairuhusu timu kucheza bila mlinda lango, ikitumia wachezaji wa kawaida pekee, ambao hakuna kati yao mwenye haki za mlinda lango. Walimu wanashauriwa kuthibitisha kanuni za mashindano husika mapema. Huenda timu ikafungwa mabao mengi siku hiyo, lakini itarudi shuleni bila mwanafunzi aliyevunjika mguu.

Njia nyingine ni shule jirani kuazimana. Kwa kuwa timu mbili zinazokutana huhitaji seti mbili kwa wakati mmoja, mpango huo ufanywe na shule ya tatu isiyocheza siku hiyo, na kila seti iambatane na karatasi inayoonyesha ilinunuliwa lini, nini kimebadilishwa na nani aliyebadilisha. Karatasi hiyo itamwezesha mlinda lango anayefuata kujua hasa anachokivaa.