Seremala aliyewafunza madaktari kupasua moyo

NANI angekubali kufunzwa upasuaji na mtu ambaye hajawahi kusomea udaktari? Katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, madaktari chipukizi walikubali, tena kwa shukrani. Mwalimu wao alikuwa Vivien Thomas.

Thomas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1910, alikuwa seremala. Alidunduliza pesa za karo ya chuo akitarajia kuwa daktari, lakini benki ikaanguka na akiba yote ikaenda na maji. Wakati huo tayari alikuwa na kibarua, alichopata mapema 1930, katika maabara ya Dkt Alfred Blalock mjini Nashville. Alifanya kazi ya utafiti. Mshahara ulikuwa wa mfagiaji.

Wawili hao walihamia Baltimore 1941. Huko Dkt Helen Taussig aliwaletea tatizo la watoto wenye kasoro ya moyo, ambao midomo na kucha zao huwa za samawati kwa sababu damu yao haipati hewa ya kutosha. Thomas ndiye aliyejaribu kwa mbwa, tena na tena, jinsi ya kuunganisha mshipa wa damu uendao mkononi na ule uendao mapafuni.

Novemba 29, 1944, Blalock alimpasua Eileen Saxon, mtoto wa miezi 15. Alitaka Thomas asimame kwenye stuli nyuma ya bega lake, akawa anamuuliza hatua kwa hatua. Angefanyaje? Thomas alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi kumliko. Eileen aliishi miezi michache tu, lakini watoto wengi waliofuata walipona.

Wapasuaji vijana walijifunza kushona mishipa wakiitazama mikono ya Thomas. Mmoja wao, Denton Cooley, ambaye 1969 alimwekea mgonjwa moyo wa bandia, mara ya kwanza duniani, alimkumbuka kama mtu asiyepoteza hata mwendo mmoja wa mkono. Na jioni? Mwalimu huyo huyo wakati mwingine aligawa vinywaji kwenye karamu za Blalock ili kujazia mshahara, baadhi ya wageni wakiwa wale wale aliowafunza mchana.

Blalock alifariki 1964. Wapasuaji waliopitia mikononi mwa Thomas waliagiza picha yake ichorwe, ikatundikwa hospitalini. Chuo kikuu nacho kilimtunukia shahada ya heshima 1976. Ilikuwa ya sheria, si ya udaktari. Hata hivyo, hapo ndipo wanafunzi na wafanyakazi walipopata ruhusa ya kumwita Daktari Thomas, akiwa amebakisha miaka mitatu tu astaafu.