Mjukuu wa mtumwa aliyetuuliza maana ya ungwana

Katika mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kirando na Kipili kuelekea kusini hadi Kasanga, neno mwungwana lina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilipofika huku, waungwana walikuwa ni wale watu huru wa msafara waliozungumza Kiswahili na kujinasibu na pwani. Ng'ambo ya ziwa, huko Manyema, Waislamu waliotokana na misafara hiyo waliitwa Wangwana. Neno hilo basi halikuwa sifa ya tabia peke yake. Lilikuwa mpaka baina ya aliye huru na anayeuzwa.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu ya mtangazaji mashuhuri wa Kenya, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki dunia jijini Nairobi tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, alianzisha kipindi alichokipa jina la swali: Je, Huu ni Ungwana? Alitangaza pia mpira kwa namna iliyomfanya msikilizaji aone uwanja kwa masikio, na akatumikia kitengo cha habari cha Rais. Lakini ni swali lile lililobaki na jina lake kwa zaidi ya nusu karne.

Hakikuwa kipindi cha chemsha bongo cha kushindania zawadi, ingawa nacho kilisimama juu ya swali na jibu. Mbotela alisimulia kitendo cha kila siku, mathalani mgeni anayefika bila taarifa wakati wa chakula, au mtu anayepaza sauti mahali pa msiba, kisha akauliza. Aghalabu jibu lilikuwa wazi kabla hajamaliza kuuliza, na hapo ndipo palipokuwa na ustadi wake: msikilizaji alijihukumu mwenyewe, nyumbani kwake, mbele ya watoto wake. Sisi tunaopanda mimbari tungefaidika kujifunza namna hiyo, maana mara nyingi tunatoa hukumu kabla ya kuuliza.

Sasa tazama asili yake. Mbotela alizaliwa Freretown, jirani na kisiwa cha Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Babu yake alikuwa Myao aliyetekwa ili auzwe, akakombolewa na Waingereza. Sisi wa Rukwa tusilione jambo hilo kuwa la mbali. Karema, kaskazini mwa Kipili katika mwambao huu huu, nako Mapadri Weupe walikusanya watumwa waliokombolewa.

Katika ukoo huo alitoka pia James Mbotela, aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Wako Waislamu wa pwani waliokisoma kwa uchungu, kwa jinsi kilivyomchora Mwarabu kuwa katili na Mwingereza kuwa mkombozi. Wana hoja. Hata hivyo, hoja hiyo haifuti ukweli kwamba watu waliuzwa, na kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa wakisali pamoja nasi.

Kwa hiyo mtu ambaye babu yake, kwa kipimo cha zamani, asingeitwa mwungwana, ndiye aliyeifundisha nchi nzima kuulizana habari za ungwana. Naye hakuuliza nani ni mtoto wa nani. Aliuliza umefanya nini.

Sauti hiyo iliwahi kutiwa katika mtihani mzito. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi wa jeshi la anga walimchukua nyumbani kwake wakampeleka kituoni, na chini ya mtutu wa bunduki akatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Siku hiyo hiyo askari watiifu, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, walikikomboa kituo, na Mbotela akatangaza tena kwamba serikali ingali imara. Waasi hawakumfuata kwa sababu ya cheo, kwani hakuwa nacho. Walimfuata kwa sababu watu walikuwa wakimwamini.

Huku kwetu kipimo cha zamani hakijafa. Najua posa moja ambayo nusura ivunjike kwa sababu mzee mmoja wa upande wa binti alinong'ona kwamba babu wa kijana aliletwa ziwani na msafara, hivyo si kufu yao. Nikawakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwozesha binti wa shangazi yake, Zaynab bint Jahsh, kwa Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Yule mzee, ambaye amesoma, akanijibu upesi: "Lakini sheikh, ndoa ile ilivunjika." Nikamwambia ndoa za waungwana nazo huvunjika kila siku. Bibi wa binti, aliyekuwa kimya muda wote nyuma ya pazia, ndiye aliyeuliza kijana anaswali na anafanya kazi gani. Alipojibiwa, akaagiza chai iletwe.