Runinga Yako Inajua Unachotazama: Sheria Inakupa Haki Gani?

Wakazi wengi wanajua kwamba simu ya mkononi hukusanya habari za anayeitumia. Wachache hufikiria kwamba runinga iliyo sebuleni, au kisanduku cha kurekodi vipindi kilicho chini yake, kinaweza kufanya vivyo hivyo: kuandika ni kipindi gani kilitazamwa, saa ngapi, kwa muda gani, na ni wakati gani mtazamaji alichoka akahamia stesheni nyingine. Si kila kifaa kinaweza kufanya hivyo, na hofu nyingine tunazozisikia mitaani hazina msingi. Lakini vifaa vinavyoweza vinazidi kuongezeka madukani, na kwa kawaida huomba ruhusa mara moja tu, siku ile runinga inapofunguliwa na watoto wanataka katuni.

Suala hili lilianzia Marekani. Mwaka wa 1999 kampuni ya TiVo ilianza kuuza kisanduku chenye diski ndani, kilichomwezesha mtu kurekodi kipindi akiwa kazini na kukitazama jioni, kusimamisha taarifa ya habari ili apokee mgeni mlangoni, au kupitisha matangazo ya biashara kwa kasi. Ili kupata ratiba ya vipindi, kisanduku hicho kilipiga simu chenyewe kupitia laini ya nyumbani, aghalabu usiku. Mawasiliano hayo yalikuwa ya pande mbili. Kisanduku kilipokuwa kikipokea ratiba, kilituma pia kumbukumbu za jinsi kilivyotumiwa.

Machi 2001, watafiti wa masuala ya faragha nchini humo walichapisha ripoti iliyosema kwamba habari zilizokuwa zikitumwa zingetosha kufuatilia mazoea ya familia moja moja, na kwamba maelezo aliyopewa mnunuzi hayakulieleza jambo hilo waziwazi. Kampuni ilijibu kwamba hutenganisha majina ya wateja na kumbukumbu za kutazama, na kwamba haikuwa ikiviunganisha tena.

Kwa watu wengi mjadala huo ulibaki wa wataalamu hadi Februari 2004. Katika onyesho la mapumziko la fainali ya futiboli ya Kimarekani, Super Bowl, vazi la mwanamuziki Janet Jackson lilifunguka mbele ya kamera. Kesho yake TiVo ilitangaza kwamba tukio hilo ndilo lililorudiwa kutazamwa zaidi kuliko jingine lolote ambalo ilikuwa imewahi kupima. Takwimu hizo zilitoka kwa sampuli ya nyumba zisizotajwa majina, na kampuni haikumtaja mtu yeyote. Hata hivyo, wateja walishtuka kugundua kwamba kitufe walichobonyeza wakiwa kwenye makochi yao kilikuwa kimehesabiwa.

Tangu wakati huo teknolojia imepiga hatua kubwa. Runinga nyingi janja za leo, yaani zile zinazounganishwa na intaneti, zina programu inayotambua picha zinazopita kwenye kioo. Programu hiyo huchukua sehemu ndogo ndogo za picha, huzigeuza kuwa alama mfano wa alama ya kidole, kisha huzilinganisha na hazina kubwa ya vipindi, filamu na matangazo. Haijali picha imetoka wapi. Inaweza kuwa imetoka kwenye antena, king'amuzi, kichezeshi cha DVD au intaneti. Ikishafika kwenye kioo, inaweza kutambuliwa.

Kesi iliyofichua mambo hayo ni ya kampuni ya Vizio. Februari 2017, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani na jimbo la New Jersey zilisema kwamba kampuni hiyo ilikuwa imekusanya habari za utazamaji, sekunde baada ya sekunde, kutoka kwa runinga milioni 11 bila wenyewe kujua wala kukubali. Pia iliwezesha habari hizo kuunganishwa na umri, jinsia, kipato, hali ya ndoa na kiwango cha elimu cha wenye nyumba, na ikawauzia watu wengine. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.2 ili kumaliza shauri hilo, kufuta data ya nyuma, na kuomba idhini ya wazi kuanzia hapo. Kipengele kilichofanya kazi hiyo kilikuwa kwenye menyu kwa jina la kuvutia ambalo halikumwambia mnunuzi lolote kuhusu kukusanya habari zake.

Je, hapa kwetu hali ikoje? Wapo wanaoamini kwamba tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, kila king'amuzi kinatutazama. Si kweli. King'amuzi kinachopokea mawimbi kwa antena au kwa dishi pekee, bila waya wa intaneti wala waifai, hakina njia ya kurudisha habari kule kunakotoka matangazo. Hupokea tu, kama redio. Kampuni inayokuuzia vifurushi inajua jina lako, nambari yako ya simu, kifurushi ulicholipia na tarehe uliyolipa, lakini king'amuzi hicho hakiwezi kuiambia kwamba jana ulitazama mechi badala ya ibada.

Hali inabadilika unapokiunganisha na intaneti ili urudie vipindi vilivyopita au ukodishe filamu, au unapotumia huduma inayoletwa kwa kebo. Hapo njia ya kurudi ipo. Vilevile, king'amuzi chako kinaweza kuwa kimya kabisa huku runinga yenyewe, iliyounganishwa na waifai kwa ajili ya YouTube, ikitambua kila kinachopita kutoka kwenye king'amuzi hicho.

Kuna anayeuliza, "Na wakijua natazama nini, kuna ubaya gani?" Swali hilo ni la haki, na si kila ukusanyaji ni uovu. Vituo vya runinga vinahitaji kujua kipindi gani kinapendwa, na matangazo ya biashara ndiyo hulipia stesheni tunazotazama bure. Hata hivyo, fikiria orodha ya mwaka mzima kutoka nyumba moja. Itaonyesha lugha ya nyumbani, dini, saa za kulala, kama kuna watoto na umri wao unakaribia miaka mingapi, na ni mikutano ya mwanasiasa gani inayofuatiliwa hadi mwisho. Itaonyesha pia ni ugonjwa gani ambao vipindi vyake vimetafutwa mara nyingi mwezi huu. Mengine katika hayo hata jirani hayajui. Isitoshe, kuondoa jina peke yake hakutoshi. Katika kesi ya Vizio, anwani ya intaneti ya nyumba ndiyo iliyotumiwa kuoanisha runinga na watu wanaoishi humo.

Wamarekani walilijua hilo kabla ya intaneti kuenea. Mwaka wa 1987, gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya kanda za video ambazo familia ya Robert Bork, jaji aliyependekezwa kujiunga na Mahakama ya Juu, ilikuwa imekodisha. Orodha yenyewe haikuwa na la aibu. Hata hivyo, mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria ya kulinda kumbukumbu za video anazokodisha mtu.

Hapa Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutotakiwa kufichua mambo ya familia yake pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 ndiyo inayoeleza jinsi haki hiyo inavyotekelezwa. Chini ya sheria hiyo, unastahili kuelezwa habari zako zitatumika kwa kazi gani. Idhini uliyoitoa unaweza kuiondoa wakati wowote, na kukitokea ubishi, kampuni ndiyo yenye jukumu la kuthibitisha kwamba ulikubali. Kutumia habari zako kwa biashara kunahitaji idhini yako ya wazi au ruhusa ya sheria. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi, na sharti hili ni zito kwa kifaa ambacho mara nyingi rimoti yake iko mikononi mwa watoto. Sheria haiishii kwa kampuni za humu nchini pekee. Inamfikia pia aliye ng'ambo anayeshughulikia habari za watu walioko Kenya.

Unaweza kuiandikia kampuni ukitaka kujua ina habari gani kukuhusu. Unaweza pia kupinga habari hizo kutumiwa, na kudai zile za uongo zisahihishwe au zifutwe. Kampuni ikikupuuza, peleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaruhusu malalamiko ya maandishi au ya mdomo, kwa hivyo asiyejua kuandika hazuiwi. Malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90. Faini ya juu ambayo Kamishna anaweza kutoza ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni kubwa ya kigeni hicho si kiasi cha kuikosesha usingizi. Lakini aliyeathirika anaweza pia kudai fidia, na hapo ushahidi wako ndio wenye uzito, kwa hivyo hifadhi risiti na upige picha ya kile kilichoandikwa kwenye kioo.

Kinga iliyo rahisi zaidi iko kwenye rimoti. Runinga mpya inapowashwa mara ya kwanza huonyesha kurasa kadhaa zenye kitufe cha kukubali. Usibonyeze vyote kwa mkupuo. Mara nyingi ukurasa wa masharti ya matumizi ni wa lazima, lakini ule wa kukusanya habari za utazamaji na ule wa matangazo yanayokulenga huweza kukataliwa, na runinga itaendelea kufanya kazi. Ikiwa ulishakubali, ingia kwenye mipangilio na utafute sehemu ya faragha. Runinga za Samsung hukiita kipengele hicho Viewing Information Services, na za LG hukiita Live Plus. Kampuni nyingine zina majina yao, na baadhi hukificha ndani sana kiasi cha kuhitaji subira. Zima pia kipaza sauti cha rimoti kama hukitumii. Asiyehitaji intaneti kwenye runinga anaweza kuitenganisha na waifai, jambo ambalo pia huokoa bando.

Wenye hoteli, baa na kumbi za kuonyesha mpira wanapaswa kuangalia jambo jingine: akaunti iliyofunguliwa kwenye runinga ya ukumbini isiwe ya binafsi ya mwenye biashara, kwa sababu yeyote atakayeshika rimoti ataona kilichotafutwa na kutazamwa.

Na kwa wanaouza au kununua runinga na ving'amuzi vilivyotumika: diski ya kurekodi hubaki na vipindi vya mwenye kifaa wa awali, na runinga janja hubaki na akaunti zake. Kabla ya kuuza, ondoa akaunti zote, kisha chagua kwenye mipangilio kurudisha kifaa kilivyotoka kiwandani. Aliyenunua afanye hivyo pia siku ya kwanza, kabla ya kuweka nywila ya waifai ya nyumbani kwake. Ukiipeleka runinga kwa fundi, ondoa akaunti kwanza ikiwa bado inawaka.