Mbwa Anachechemea? Usimpe Dawa Yako ya Mgongo

Mahindi yakianza kukomaa, nyani na nguruwe pori nao wanajua, na hapo ndipo kila mwenye shamba anamkumbuka mbwa wake. Ndipo pia simu zinapoanza: "Afisa, mbwa wangu kazeeka, asubuhi hanyanyuki, nimpe dawa gani?" Wengine wanauliza kuhusu kobe au kasuku. Leo nawajibu wote kwa pamoja, kwa sababu kosa linalowaua wanyama hawa ni lile lile: tunawapa dawa kabla ya kujua wanaumwa nini.

Baridi yabisi ni nini?

Mifupa inapokutana kwenye kiungo huwa imefunikwa na gegedu laini inayoiwezesha kuteleza bila kusagana. Mbwa akizeeka, akinenepa kupita kiasi, au kama aliwahi kuvunjika, gegedu hiyo inalika. Kiungo kinavimba, kinauma, kinakakamaa. Gegedu iliyokwisha hairudi, kwa hiyo anayekuuzia dawa ya "kuponya kabisa" anakudanganya. Lakini maumivu yanapunguzwa, na mbwa anaweza kuishi vizuri miaka kadhaa.

Dalili zake: anaamka kwa shida asubuhi lakini akitembea kidogo anachangamka, anasita kuruka au kupanda ngazi, paja la mguu mgonjwa linakonda, analamba kiungo kimoja kila mara, anakuwa mkali ukimgusa nyonga. Mbwa halii kama mtoto. Kuna mbwa anaumwa mwaka mzima na mwenyewe anasema "huyu siku hizi mvivu tu".

Si kila kuchechemea ni uzee

Hapa tusikilizane vizuri. Kabla ya kusema ni uzee, angalia haya:

1. Nyayo na kucha. Mwiba, kipande cha chupa, kucha iliyojikunja ikaingia kwenye nyama. Nusu ya wanaoniita wangeanza hapa, nisingehitajika.

2. Homa ya kupe. Kupe wa kahawia anayeng'ang'ania masikioni na katikati ya vidole anamwambukiza mbwa vimelea vinavyoshambulia damu, na viungo navyo vinaweza kuvimba. Mbwa ana homa, hali, fizi zinapauka, pengine anatokwa damu puani, na leo anachechemea mguu huu, kesho ule. Hii inatibika, mara nyingi kwa doksisaiklini ya wiki tatu hadi nne, lakini lazima apimwe kwanza.

3. Nagana. Sisi tunaochunga kuelekea vichaka vya bonde la Umba tunawajua ndorobo. Mbwa naye anaugua: homa, kukonda, macho yanakuwa na ukungu wa kibuluu, miguu inakosa nguvu. Damu inaweza kupimwa Tanga mjini, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari.

4. Kichaa cha mbwa. Akiwa anaburuza miguu, taya limelegea, udenda unamwagika, sauti imebadilika, usimfungue mdomo kutafuta mfupa! Kaa mbali, mzuie bila kumshika, nipigie. Akikuuma au udenda ukiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Dawa ya binadamu inamuua

Mfugaji mmoja wa huku kwetu alikuwa na mbwa wa miaka tisa, mlinzi hodari wa mbuzi. Mbwa akaanza kuchechemea. Yule bwana, kwa huruma kabisa, akampa diklofenaki aliyoandikiwa yeye kwa ajili ya mgongo, kidonge asubuhi, kidonge jioni. Siku ya tatu mbwa anatapika damu na kinyesi ni cheusi kama lami. Ndipo nikaitwa. Tulimwekea dripu, hakufika jioni. Masikio yalikuwa yamejaa kupe, na mwenyewe akaniambia kwamba mbwa alikuwa na joto kali tangu wiki iliyotangulia na alikuwa akibadilisha mguu wa kuchechemea. Huenda hata hakuwa na baridi yabisi.

Diklofenaki na brufeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Panadoli nayo ina hatari kwa mbwa, na kwa paka kidonge kimoja tu kinatosha kumuua.

Kuna dawa ambazo daktari wa mifugo anazitumia, mojawapo ni meloksikamu. Lakini tazama hesabu yake. Baada ya siku ya kwanza, kipimo cha mbwa ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wetu wa kilo 15 anahitaji miligramu 1.5. Kidonge cha binadamu kinachouzwa dukani kina 7.5 au 15. Ukimpa kile cha 15 umempa mara kumi! Sikuandika haya ili ujipimie nyumbani, nimeandika uone kwa nini tunapima uzito kwanza na kuuliza hali ya figo na tumbo. Tena, kama mbwa amechomwa sindano ya deksamethasoni karibuni, mwambie daktari. Ikichanganywa na dawa hizi, tumbo linaoza haraka zaidi.

Unachoweza kufanya nyumbani bila dawa

- Mpunguze unene. Ukipapasa mbavu uzisikie bila kubonyeza. Kilo mbili zikipungua, viungo vinapumua.
- Mwondoe kwenye sakafu ya saruji. Gunia lililojazwa majani makavu ya migomba au makapi ya nazi linatosha. Likilowa, badilisha.
- Asilale siku nzima. Mtembeze kidogo kidogo, mara mbili kwa siku. Ila kumpeleka malishoni kilomita kumi, basi tena. Mlete mbwa mdogo ajifunze kazi wakati mzee bado yupo wa kumfundisha.
- Dagaa wasio na chumvi, tunao pwani yote hii, wachanganye kwenye ugali wake. Mafuta ya samaki yanasaidia viungo kiasi.
- Mtoe kupe kila wiki. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiitumie kwa mbwa kwa kipimo cha ng'ombe, na kwa paka usiitumie kabisa.

Kobe na kasuku nao wana viungo

Kobe akiacha kutembea au gamba likawa laini, mara nyingi amekosa madini ya chokaa na jua. Kobe aliyefungiwa ndani hapati jua, hata ukimweka dirishani, maana kioo kinazuia ule mwanga anaouhitaji. Mtoe nje, awe na kivuli cha kukimbilia. Mpe majani na nyasi, na umsagie mfupa wa ngisi, ule mweupe tunaouokota ufukweni Moa na Kwale. Usimpe nyama wala chakula cha mbwa: uchafu wa protini unaganda kwenye viungo kama chumvi, vinavimba, na maumivu yake si ya mchezo.

Kasuku anayelishwa alizeti na karanga tupu anapata shida hiyo hiyo, na nyayo zake zinaota vidonda kwa kusimama kwenye kijiti kimoja laini. Mwekee matawi ya unene tofauti, mpe mchicha, papai, karoti. Parachichi usimpe, kwake ni sumu. Akivimba manyoya na kupumua kwa shida, nawa mikono na usimbusu: homa yake inaambukiza watu.

Sasa lile la sheria, maana sisi tuko mpakani. Kobe na kasuku wa porini ni wanyamapori. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumfuga bila kibali ni kosa, na tangu 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kobe yule wa gamba bapa anayejificha kwenye nyufa za miamba aliwekwa mwaka 2019 kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika biashara ya kimataifa. Mtu akikuomba umvushie boksi kwenda Lungalunga, kataa. Mbwa na paka wanavuka, lakini kwa cheti cha afya na cha chanjo ya kichaa ambacho muda wake haujaisha, ukaguliwe pale kituoni.

Akifika mwisho

Kuna siku dawa haitasaidia tena: hawezi kusimama, hali, anajichafua alipolala. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumwacha hivyo ni kumtesa. Daktari anaweza kumlaza kwa sindano, bila maumivu. Kumpakia kwenye pikipiki na kumtupa barabara kuu usiku si suluhisho. Mbwa wa kutupwa hachanjwi tena, na huyo ndiye atakayeleta kichaa kwenye boma lako na kwa watoto wanaokwenda shule.

Kwa hiyo mbwa wako akichechemea: angalia unyayo, angalia kupe, pima joto kama una kipimo, kisha piga simu kwa afisa mifugo wa kata yako. Kesi ngumu tunazipeleka kwa daktari wa wilaya, na zikizidi, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kadi ya chanjo uje nayo. Kama hana kadi, tuanzie hapo.