Je, Wajua? Kipaza Sauti Kinapokataa Vita

Pita Ayany, Kibera, jioni. Kwa kinyozi kuna redio, kwa mama chapati kuna redio, na kwenye matatu ya kuelekea Olympic redio ni ya wote, upende usipende. Leo safu hii ni ya watangazaji: wale walioitumia sauti yao kuzima moto, na wachache walioutia petroli.

Je, wajua kwamba Kibera yenyewe, mtaa tunaoanzia, ilizaliwa na vita? Wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles na jamaa zao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi hii ya ekari 4,197 kuwa ya jeshi. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu.

Je, wajua kwamba Pamoja FM ya Kibera ilianza 2007, mwaka ule ule wa uchaguzi uliotuumiza? Mwanzilishi wake ni mwanahabari Adam Hussein. Jina alilochagua lilikuwa tayari ujumbe.

Je, wajua kwamba Pamoja FM na Koch FM ya Korogocho zimetumia masafa yale yale, 99.9? Mitambo ya redio za jamii ina nguvu ndogo, hivyo mawimbi ya mtaa mmoja hayavuki kwenda kuvuruga ya mwingine.

Je, wajua kwamba tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari? Siku hizo za vurugu za baada ya uchaguzi, soko la Toi liliteketea na reli ikang'olewa Kibera. Watu 1,133 waliuawa nchini, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza vurugu hizo. Katikati ya moshi huo, Pamoja FM iliwasihi majirani wasishikiane mapanga.

Je, wajua kwamba kuna aliyetangaza amani bila redio? Msanii Solomon Muyundo, maarufu kama Solo 7, alishika brashi na rangi akaandika wito wa amani kwenye kuta na mabati ya Kibera, vurugu zikiendelea.

Je, wajua kwamba tarehe 1 Agosti 1982 mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kutangaza mapinduzi? Kinachokumbukwa zaidi, hata hivyo, ni *Je, Huu ni Ungwana?*, kipindi alichokianza 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya miaka 50, akifundisha adabu kwa upole. Alifariki Februari 2025. Babake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha 1934.

Je, wajua kwamba maneno ya redioni yamewahi kufungisha watu? Redio ya RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mwaka uliofuata ikachochea mauaji ya kimbari. Mtangazaji wake Georges Ruggiu, Mbelgiji, alikiri kosa na kuhukumiwa miaka 12 mwaka 2000.

Je, wajua kwamba jirani yake Burundi ilijibu kwa redio pia? Studio Ijambo, iliyoanzishwa 1995, iliwaweka wanahabari Wahutu na Watutsi meza moja. Mwanahabari Alexis Sinduhije alipitia humo, kisha 2001 akaanzisha Radio Publique Africaine na kuwaajiri hata waliokuwa wapiganaji wa pande hasimu.

Je, wajua kwamba kule Gulu, Uganda, kipindi kiliwatoa watu porini? *Dwog Cen Paco*, yaani rudi nyumbani, kilirushwa na Mega FM. Mtangazaji wake, John Oryema, aitwaye Lacambel, aliwapa kipaza sauti waliotoroka jeshi la waasi la Joseph Kony, wenzao walio msituni wasikie kwamba waliorudi wako hai.

Je, wajua bei ya kazi hii? Radio Okapi ya Kongo, inayosikika kwa Kiswahili pia tangu 2002, iliwapoteza wanahabari wake Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008. Wote wawili waliuawa Bukavu.

Je, wajua kwamba sheria ya Kenya ya 2008 ya utangamano inaweza kumtoza mchochezi wa chuki faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili?

Sheria ni njema, lakini mtaani kuna kinga iliyo karibu zaidi. Mtangazaji wa Kibera akizima mitambo usiku, hurudi nyumbani kwa miguu, kupitia vichochoro vile vile alivyovitaja hewani. Akiwasha chuki, nyumba yake imo katika safu ya mabati yatakayoungua. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Redio za mtaani tuzilinde kuanzia sasa.