Mlango Uonekane, Ngazi Ionekane

Ingia kwenye korido ya hospitali mpya saa saba mchana. Kuta krimu, milango krimu, vigae vyeupe vinavyong'aa, na mwishoni dirisha kubwa linalomwaga jua sakafuni. Wengi wetu tunasema pamependeza. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni ukuta unapoishia wala mlango ulipo. Mng'ao umefuta kila kitu.

Anayeona kwa shida haongozwi na jina la rangi, bali na tofauti ya mwanga kati ya sehemu mbili zinazopakana. Kila rangi huakisi kiasi chake cha mwanga, kinachopimwa kuanzia 0, weusi kamili, hadi 100, weupe kamili. Kwenye kadi za rangi kipimo hiki huandikwa LRV. Mwongozo wa Uingereza, BS 8300, unataka tofauti ya pointi 30 kati ya ukuta na sakafu, na kati ya mlango na ukuta. Kwa hiyo mlango mwekundu kwenye ukuta wa kijani, hata ukikuchoma macho wewe, unaweza kumpotea kabisa mwenzako iwapo rangi zote mbili zinaakisi mwanga sawa.

Kama huna kadi, piga picha kwa simu kisha iondoe rangi. Mlango usipoonekana pichani, chagua upya.

Kosa linaloniumiza zaidi liko chini ukutani. Mafundi hupandisha vigae vya sakafu ukutani kwa sentimita kumi hivi ili maji ya deki yasichafue rangi. Nia ni njema, lakini sakafu sasa inaonekana pana kuliko ilivyo, na mtu anagonga ukuta akidhani bado ana nafasi. Kipande hicho kifanane na ukuta. (Ofisi za zamani, zilizopakwa rangi nzito ya mafuta hadi kiunoni, zilitusaidia bila kukusudia: mstari ule ulifuata korido na kukatika kila penye mlango.)

Kwenye ngazi, kila ukingo upate ukanda wa rangi tofauti wa kama sentimita 5. Usichore michirizi myeusi kwenye sakafu tambarare. Mwenye maradhi ya kusahau huweza kuiona kama shimo, akagoma kuvuka.

Halafu choo. Sinki jeupe, vigae vyeupe, vyuma vya kushikilia vyeupe. Ukuta wa nyuma ukiwa wa buluu nzito, mama mwenye uoni hafifu ataona pa kukaa na pa kushika bila kupapasa.